Chimba mtaro kabla ufuta haujauzwa (Nesi na Familia, sehemu ya 7)

1.
Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu, nimeamka na jambo hili kichwani. Leo siongelei chanjo wala lishe. Leo naongelea mtaro. Ndiyo, mtaro ule wa kulazia bomba la maji kutoka laini kuu ya kijiji mpaka uani kwako.

Tulioko huku Mandawa, na Ruangwa na Nachingwea kwa jumla, tunajua tupo wakati gani wa mwaka. Mvua zinakatika. Ufuta unakaribia kuvunwa. Si muda mrefu minada ya RUNALI itaanza, mzigo utoke ghalani, na meseji ya benki iingie kwenye simu ya baba. Na meseji ile ikishaingia, kila mtu nyumbani ana ndoto yake.

Naomba mwaka huu ndoto ya kwanza iwe maji. Kama laini imeshafika kijijini kwenu, bomba lipate pesa ya kwanza ya ufuta. Lisipewe makombo baada ya bodaboda, kochi na redio kubwa. Nasema makombo kwa sababu nyumbani kwangu bomba lilipewa makombo, na aliyelipa tofauti alikuwa mwanangu. Nitawaeleza.

2.
"Nesi, maji yanakuhusu nini? Si kazi ya mainjinia?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi. Jibu langu liko wodini.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji tunamwambia: kwa wiki 6 usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Anaitikia, "Sawa nesi." Halafu anarudi nyumbani ambako dumu la lita 20 lina kilo 20, na kisima kiko bondeni. Wiki ya pili anarudi mshono umefunguka. Nilishawahi kumgombeza mmoja, na najuta mpaka leo. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Dada, sasa ningekunywa nini?"

Sikuwa na jibu. Darasani kwenye diploma hatukufundishwa jibu la swali lile.

3.
Tupige hesabu kidogo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku kwa sisi wa vijijini. Nyumba ya watu 6 ni lita 150. Hayo ni madumu saba na nusu, tuseme 8. Kila siku, Jumapili na Ijumaa zikiwemo.

Kama kwenda na kurudi kisimani ni nusu saa, madumu 8 ni masaa 4. Kiangazi maji yakipungua na foleni ikirefuka, safari ileile inakula saa nzima, na siku imekwisha. Na anayebeba ni nani? Mara nyingi ni mwenye mimba, au mwenye mtoto mgongoni, au binti wa darasa la tano aliyetakiwa awe anafanya hesabu za shule.

Ukweli ni kwamba hakuna anayebeba madumu 8. Watu wanabeba 3 au 4, halafu wanabana matumizi. Hapo ndipo nesi anapoingia. Kwa sababu yanapobanwa, hayabanwi maji ya ugali. Yanabanwa ya kunawa mikono baada ya kumsafisha mtoto. Yanabanwa ya kuosha kikombe cha uji, ya mama kujisafisha siku zake, ya kufua nepi vizuri. Kuharisha kwa watoto, macho mekundu, upele unaozunguka nyumba nzima: mengi ya hayo hayaletwi na ukosefu wa sabuni tu. Mama sabuni anayo. Maji ya kuisuuza ndiyo hana.

Kwa hiyo faida ya kwanza ya bomba uani ni kwamba maji yanakuwa mengi na karibu. Koki ikiwa hatua kumi kutoka jikoni, mikono inanawiwa. Ikiwa kilomita moja, haitanawiwa, hata nikubandikie mabango mia ukutani.

4.
Wengine mtasema, "Serikali ituletee." Ni kweli, ni wajibu wake, na imeuahidi zamani. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji ndani ya mita 400. Mimi nimezaliwa 1990. Mwaka ule wa ahadi ulipofika nilikuwa mgongoni kwa mama yangu, tunakwenda kuchimbua mchanga wa mto kutafuta maji.

Wazee wetu wanakumbuka pia pampu za mkono za mradi wa Finland. Kuanzia miaka ya 1970 watu wale walisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kuchimba visima na kufunga pampu. Zilisaidia sana. Lakini nyingi zilikufa, moja baada ya nyingine, kwa kukosa spea na kukosa mtu wa kusema "hii ni yangu, naitunza."

Siku hizi kuna RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanza kazi Julai 2019, na huku chini kuna jumuiya za watumia maji. Vijiji kadhaa vimepata tenki na laini kuu. Hapo ndipo sehemu ya serikali inapoishia mara nyingi: kwenye kituo cha kuchotea, au kwenye laini inayopita barabarani. Mita zile 100 au 200 za mwisho, kutoka barabarani mpaka uani kwako, ni zako na familia yako. Naongelea mita hizo. Za kwao tutaendelea kuwadai mikutanoni, na tudai kwa sauti.

5.
Sasa shemeji yangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia hivi: "Shemeji, bodaboda inaingiza pesa. Bomba linatoa pesa, kila mwezi bili. Sasa wewe msomi, kipi kianze?"

Hoja yake siyo ya kijinga, na sitaidharau. Kama hamna kabisa njia nyingine ya kuingiza kipato, na bodaboda itaendeshwa na mtu makini mwenye leseni, mazungumzo yapo. Lakini shemeji alihesabu mafuta, alihesabu spea, alihesabu abiria. Masaa manne ya mke wake kila siku hakuyahesabu, kwa sababu hajawahi kuyalipia. Kitu tusichokilipia tunadhani ni bure.

Masaa manne kwa siku ni masaa 28 kwa wiki. Mpe mama masaa hayo uone. Atapanda mchicha, atakaanga maandazi, atawahi kliniki kabla foleni haijawa ndefu, atalala mchana na kichanga chake kama tunavyomshauri. Binti atafika shule kabla ya kengele. Sasa niambie tena kwamba bomba haliingizi kitu.

6.
Haya, niwape yangu, maana nisipoisema mtadhani naongea tu kutoka juu ya kiti.

Mwaka juzi tulivuta maji nyumbani. Pesa ya ufuta ilipoingia tulianza na kochi. Kochi zuri, la rangi ya maziwa. Kisha vitu vingine viwili vitatu. Kilichobaki ndicho kikaenda kwenye bomba. Kutoka laini kuu mpaka kwetu ni mita 180. Pesa ikawa haitoshi, tukaanza kupunguza: tukanunua bomba jembamba lenye ukuta laini, lile la bei ya chini. Mtaro tukauchimba kina cha jembe moja tu, sababu vijana walidai malipo zaidi wakiendelea chini. Ili kufupisha njia, bomba likapita nyuma ya bafu la nje. Pale lilipopungua tukaliunga kwa kipande kingine, kiungo kikafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Fundi alisema, "Hii itakaa miaka." Tukapiga vigelegele koki ilipotoa maji. Nilipiga mimi wa kwanza.

Huku maji ya laini hayatoki saa zote. Yanakuja siku hii, kesho hayapo. Siku moja mama mkwe wangu alifungua koki, akaona yanatoka ya kahawia kidogo na yana harufu. Akaniambia, "Mwanangu, haya yaache yamwagike kwanza, hayajakaa sawa." Mimi, na diploma yangu, nikamjibu, "Mama, haya ni ya bomba, siyo ya kisima. Ni salama." Nikakinga, nikampa mwanangu wa mwaka mmoja na miezi miwili.

Siku ya pili akaanza kuharisha. Nikasema ni meno. Jamani, mimi nesi, ninayewaambia kina mama kila siku kwamba meno hayaharishi mtoto, nikasema ni meno. Siku ya tatu macho yalikuwa yamezama, analia hakuna machozi, nikifinya ngozi ya tumbo inarudi taratibu. Nikampeleka wodini kwangu, nikakaa kwenye kitanda ambacho juzi yake nilikuwa nimesimama pembeni nikimfundisha mama mwingine jinsi ya kuchanganya ORS.

Alipona. Alipata maji ya dawa, ORS na zinki, akapona, sasa hivi anakimbiza kuku. Lakini usiku ule sitausahau.

Tuliporudi, baba watoto alifukua. Kiungo chetu cha tyubu kilikuwa kimekaa ndani ya dimbwi la maji ya bafuni. Mama mkwe hakusema neno. Alisimama pale na kanga yake begani, akatazama, akaingia ndani kupika. Angesema ningeumia kidogo. Kunyamaza kwake kuliniumiza zaidi.

7.
Wengi wananiuliza: uchafu unaingiaje kwenye bomba wakati maji yanatoka kwa nguvu kuja nje?

Maji yakiwa na nguvu ndani ya bomba, penye ufa yanavuja kwenda nje. Hapo unapoteza maji na bili inapanda, lakini uchafu hauingii. Shida ni pale laini inapofungwa. Maji yaliyobaki yanashuka kuelekea bondeni, na nyuma yake bomba linavuta, kama mtoto anavyonyonya mrija. Litavuta chochote kilicho kwenye ule ufa: tope, maji ya bafu, maji ya chooni. Kesho wakifungua, maji ya kwanza yanakusukumia uchafu huo wote kwenye ndoo yako.

Kwa hiyo kama kwenu maji ni ya mgao, kiungo kibovu ni hatari kuliko kwa mtu wa mjini anayepata maji saa 24. Ufa wa mjini unavuja. Ufa wa kwetu unavuja na kunyonya.

Ndiyo maana nimesema bomba lisipewe makombo. Pesa ya makombo inatosha kununua bomba, haitoshi kununua maji salama.

8.
Sasa kwa nini nasema chimba kabla ufuta haujauzwa?

Kwa sababu mtaro hauhitaji pesa ya mnada, unahitaji mikono na udongo laini. Sasa hivi ardhi bado ina unyevu, jembe na sururu vinaingia. Ukisubiri mpaka Agosti au Septemba, ardhi imekuwa kama saruji, na vijana watataka mara mbili ya bei, na watakuchimbia nusu ya kina.

Halafu kuna siri nyingine ndogo, na hii nawanong'oneza kina mama. Mtaro uliokwisha chimbwa ni ahadi inayoonekana. Baba akipokea meseji ya benki, kila akitoka nje anaruka shimo kwenda chooni. Atakumbuka tu. Pesa ikishapata shimo lake, haipotei njia.

Kalenda yangu ni hii: mvua zikikatika, chimba. Ufuta ukiuzwa, lipia na nunua bomba. Kabla ya kiangazi kikali cha Septemba na Oktoba, wakati visima vinakauka, koki iwe inatoa maji. Pesa ya korosho ikija mwisho wa mwaka, hiyo sasa ndiyo ya kochi.

9.
Kabla ya jembe la kwanza, anza na karatasi. Nenda ofisi ya jumuiya ya watumia maji ya kijiji chenu, au mtafute anayesimamia mradi. Uliza mambo manne:

Je, laini ya karibu ina nguvu ya kunifikia? Maji hushuka yenyewe kutoka kwenye tenki, na kila mita 10 za kimo kati ya tenki na koki yako ni kama bar 1 ya nguvu. Ukiwa juu kuliko tenki, usidanganywe, hayatapanda yenyewe.

Waje wapime umbali na wakuandikie orodha ya vifaa na gharama. Ukiwa na orodha unaweza kulinganisha bei maduka mawili matatu.

Malipo yanafanyikaje? Lipa kwa namba ya malipo na udai risiti. Pesa usimpe mtu mkononi chini ya mwembe, hata kama mnafahamiana. Na usikubali kuunganishiwa usiku na "kijana wa mradi". Maji ya wizi hayana mita, hayana mtetezi, na kiungo chake hakuna aliyekikagua.

Njia inapita wapi? Kama inapita shamba la jirani, mkubaliane kwa maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji. Kama inakata barabara, muulize kwanza mtendaji kibali kinapatikana wapi. Ugomvi wa mipaka huku kwetu unarithiwa na wajukuu, msiuanzishe kwa ajili ya bomba.

10.
Sasa mtaro wenyewe. Haya nimejifunza kwa kufukua na kuzika upya mita 180, kwa hiyo yachukue.

Kina: angalau sentimita 60. Kwa mtu mzima ni juu kidogo ya goti. Panapopita gari au trekta, nenda mita moja. Bomba lililo juu linakatwa na jembe, linapondwa na ng'ombe, na la plastiki jeupe likiachwa juani linakauka na kupasuka.

Njia: ikae mbali na choo, bafu na dampo, hata kama inaongeza mita 20. Mita 20 za bomba ni rahisi kuliko kitanda kimoja cha wodini. Kama hamna budi kupita karibu, basi pale pasiwe na kiungo hata kimoja.

Bomba: lile jeusi lenye mistari ya bluu linakuja kwenye roli ndefu, kwa hiyo viungo vinakuwa vichache. Soma maandishi yaliyochapwa juu yake: lina alama ya ukubwa na ya nguvu linayohimili. Muulize fundi wa jumuiya laini yenu inahitaji namba gani, kisha usipokee pungufu dukani.

Unene: wengi wanavuta nusu inchi mita 200 halafu wanalalamika koki inalia machozi. Maji yanachoka njiani yakipita kwenye bomba jembamba. Kwa umbali mrefu vuta inchi moja au robo tatu, ukifika uani ndipo upunguze kwenda nusu inchi.

Viungo: tumia viungo vya dukani vinavyolingana na bomba. Mpira wa tyubu ni wa baiskeli. Naomba msirudie yangu.

Chini ya mtaro ondoa mawe, mwaga udongo laini au mchanga, laza bomba, funika na udongo laini tena, ndipo urudishe mengine. Jiwe moja lenye ncha likigandamizwa miaka miwili litatoboa.

11.
Usifukie siku hiyohiyo! Hapa watu wanakosea kwa furaha. Unganisha, jaza maji, funga koki, acha viungo vyote wazi usiku kucha. Asubuhi pita kila kiungo na mkono mkavu. Kikilowa, kifunguliwe. Kikiwa kikavu, fukia.

Kabla ya kunywa, fungua koki maji yatoke mpaka yawe meupe kabisa. Ya mwanzo mwagilia migomba. Na kila mara yanaporudi baada ya mgao, fanya vivyo hivyo: ya kwanza yaache yamwagike. Mama mkwe wangu hakwenda chuo cha uuguzi, lakini hili alilijua kabla yangu.

Ya kunywa endelea kuyatibu. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, au tumia dawa ya klorini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Yahifadhi kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na mfuniko, au ndoo yenye koki chini. Kikombe kinachozamishwa na kila mkono kinarudisha uchafu wote ulioupigania mita 180.

Na tafadhali, mwenye kichanga: chini ya miezi 6 mtoto hanywi maji. Hata ya bomba jipya, hata yaliyochemshwa, hata jua likiwa kali. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji. Kunywa wewe, yeye atayapata kwako.

Mtoto akiharisha, usimsubirishe kama mimi. Anza ORS, endelea kumnyonyesha, mlete kituoni apewe na zinki. Ukiona macho yamezama, hawezi kunywa, analegea, au damu kwenye choo, usisubiri asubuhi. Na usiseme ni meno.

12.
Najua kuna anayesoma hapa na moyo unamwambia, "Nesi, kwetu hata hiyo pesa ya ufuta haifiki bomba." Nakusikia. Ongea na majirani wawili watatu. Mtaro mmoja mkubwa mnauchimba kwa zamu, bomba moja nene linakuja mpaka katikati yenu, kila mmoja anatoa tawi lake na mita yake. Jumuiya iulizeni kabla. Tulikuwa tunalimiana mashamba kwa zamu na pombe pembeni, tutashindwa mtaro?

Na kama laini haijafika kabisa kijijini, basi bati lako likinge mvua ijayo: mfereji kwenye paa, tenki au pipa lenye mfuniko, mvua ya kwanza iachwe isafishe bati. Halafu kila mkutano wa kijiji, simama, ulizia laini. Ukinyamaza, kimya chako kitasomwa kama umeridhika.

Kwa waliopata maji tayari: lipeni bili. Nasema hivi nikijua baadhi yenu mtakunja uso. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Chukua bili yako, gawanya kwa 50, uone dumu moja limekugharimu shilingi ngapi, halafu jiulize kama ungekubali kulibeba kichwani kutoka bondeni kwa pesa hiyo. Pampu za zamani zilikufa kwa sababu hakuna aliyezilipia spea. Hizi za sasa nazo zinaweza kufa, tukaanza tena kuchimbua mchanga.

13.
La mwisho ni kwa akina baba, na nalisema kwa heshima.

Mkeo akiwa mjamzito unauliza, "Nikuletee nini?" Wengine wanaleta chipsi, wengine kitenge. Mwaka huu chukua sururu. Chimba. Mimba ina miezi tisa, mtaro wa mita 180 kwa mtu mmoja anayechimba jioni jioni hauhitaji hata miwili. Mtoto azaliwe akute koki iko nje, mama yake anyooshe mkono tu, anawe, amshike.

Kwetu kochi lile bado lipo. Limeshaanza kuchakaa, rangi ya maziwa imekuwa ya chai. Kila nikilikalia nauona usiku ule. Bomba la pili tulilinunua kwa pesa ya korosho, safari hii likapata pesa ya kwanza, na kina cha goti na zaidi. Mama mkwe ndiye aliyefungua koki siku ya kwanza. Aliyaacha yamwagike kidogo, akayatazama, akayanusa, akakinga kikombe kwenda kuyachemsha. Akanipita pale mlangoni akisema tu, "Haya sasa."

Kesho naingia zamu ya mchana. Sehemu ya 8 nitaongelea kuhifadhi maziwa ya mama kwa wanaorudi kazini na shambani. Mpaka hapo, mwenye sururu aitafute.